Miaka sita nasali parokia moja, nimepeleka mtoto kubatizwa naambiwa "hatukujui". Tuongee kuhusu jumuiya

#1 – Mleta uzi

Tumsifu Yesu Kristo wakuu. Na wasio wakatoliki habari za jioni, karibuni, najua na huko kwenu yapo.

Kuna jambo limenikaa tangu mwaka jana nikasema leo niliandike tu liishe. Mi ni mkatoliki wa kuzaliwa, mtoto wa Kibosho, nimebatizwa nikiwa na wiki tatu, kipaimara nimepata nikiwa darasa la sita, nimetumikia altareni mpaka kanzu ikanibana, yani ukatoliki kwangu sio kitu cha kuulizwa. Nikaja Dar kutafuta maisha, nikapanga Sinza, nikahamia Tabata, mwisho nikajenga huku Mbezi ndani ndani, kule lami ikiisha unaendelea na vumbi kama dakika ishirini. Miaka sita nasali parokia moja. Misa ya kwanza saa 12 asubuhi, benchi la nne kutoka nyuma, upande wa feni. Sadaka natoa. Mavuno natoa. Tukitoka nanunua vitumbua pale nje, saa mbili kasoro niko home nakunywa chai.

Jumuiya, yani kile kikundi cha wakatoliki majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, sikuwahi kwenda hata siku moja. Kwanza ni Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi na hiyo ndo siku pekee nalala, pili nilishajiwekea kichwani kwamba jumuiya ni ya kina mama, na ni sehemu ya kukamuliwa michango. Wife alikuwa anataka kwenda, mi nikawa namwambia tutaenda, tutaenda, mpaka akaacha kuuliza.

Sasa tukapata mtoto wa pili. Naenda ofisi ya parokia kuandikisha ubatizo, dada wa pale akatoa fomu akanionyesha kwa kalamu, hapa mwenyekiti wa jumuiya, hapa mwenyekiti wa kanda, hapa katekista. Akaniuliza we ni wa jumuiya gani. Nikakaa kimya. Nikamwambia nasali hapa miaka sita dada angu. Akasema "kaka, hapa Jumapili tuna Misa nne, mimi nitajuaje? Hatukujui." Hakusema kwa ubaya hata kidogo, na hicho ndo kilichoniuma, angenijibu vibaya ningepata pa kutokea.

Nikatoka pale nimefura. Nikampigia mama Kibosho nikijua atanitetea, maana mama yangu ni WAWATA (umoja wa wanawake wakatoliki) damu damu, kitenge cha WAWATA anavaa mpaka sokoni. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema, "kwa hiyo huko mnaishi kama wageni wa gesti?" Basi. Akaanza kuniuliza habari za mvua.

Ikabidi nimtafute mwenyekiti. Kumbe jumuiya yangu ni Mtakatifu Kizito na mwenyekiti ni yule mama mwenye genge ambaye nanunua nyanya kwake tangu tunaanza msingi wa nyumba! Nikampa fomu nikijua hapa nimefika. Akaiangalia, akafuta mikono kwenye khanga, akasema: "Baba, mimi nakufahamu, wewe ni yule asiyependa nyanya laini. Lakini hapa wameandika namfahamu kama mkristo wa jumuiya hii. Nikiweka sahihi nitakuwa nimeongopa, na karatasi inaenda kwa padre." Akanirudishia. Akasema Jumamosi ni kwa baba fulani, geti jeusi, geti la tatu kutoka kwangu, nije na mama na watoto, mengine tutaongea.

Nimeenda na hasira zangu. Watu kama kumi na tano, kina mama wengi kweli, wanaume tulikuwa watatu na mmoja ni mwenye nyumba. Rozari, Injili ya Jumapili inayokuja, kila mtu anasema neno lililomgusa, maombi. Kwenye maombi mama mmoja akasema tumuombee marehemu mke wa mwenye nyumba, leo anatimiza miezi minne. Nikapiga hesabu. Miezi minne nyuma kuna turubai lilifungwa kwenye ile njia yetu siku tatu. Mi nilidhani ni sendofu. Nilipiga honi wakuu. Nilipiga honi watoe viti nipite, kijana mmoja akaja akaniambia pole bro zunguka kule, nikazunguka huku natukana kimoyomoyo. Ilikuwa msiba, geti la tatu, na mi sikutoa hata pole.

Na yule mzee mwenye nyumba ndo alinipa kiti siku hiyo. Sijui kama alinitambua, sijawahi kumuuliza mpaka leo.

Basi nikaendelea kwenda, baada ya miezi mitatu mama wa genge akasaini, mtoto akabatizwa. Sasa ni mwaka na kidogo. Lakini bado nina duku duku. Napenda jumuiya sasa hivi, ila ile barua ya jumuiya, yani ile fomu ya kusainiwa na mwenyekiti, bado sijaikubali. Mtoto mchanga ana kosa gani mpaka asubiri baba yake aache kulala Jumamosi? Na nasikia kuna wanaonyimwa hata mazishi. Nataka mnisaidie, hii ni sheria ya Kanisa au ni utaratibu wa watu?

#2

Uzi mrefu ila kuna kitu umekiruka kiaina. Zaka ulikuwa unalipa? Ile ya kikapuni sio zaka mkuu.

#3 – Mleta uzi

Nilikuwa silipi. Nilijua ile elfu mbili ya Jumapili imeshamaliza kazi.

#4

Mi niseme ukweli ambao wengi mnauogopa. Jumuiya ilishakuwa kamati ya michango. Nimekaa jumuiya miaka tisa Temeke. Neno la Mungu robo saa, matangazo saa nzima: ujenzi wa kanisa, nyumba ya mapadre, gari la paroko, daraja la upadrisho la kijana wa kanda, jubilei ya sista, pole ya msiba, sare ya somo (mtakatifu msimamizi) wa jumuiya. Alafu mhasibu anasoma majina na kiasi. Fulani elfu hamsini, makofi. Fulani elfu tano, kimya. Fulani bado. Wewe unayesomwa "bado" kila wiki na watoto wako wamekaa pale wanasikia, utarudi? Mi sikurudi. Nasali redioni na Jumapili naenda Misa yangu. Mnisamehe.

#5

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katekista, nipo kigangoni (tawi la parokia) huu mwaka wa 17, nijibu la mleta uzi kwa ninavyofundishwa na kufundisha.

Barua ya jumuiya haimo kwenye Sheria ya Kanisa (ile ya mwaka 1983 tunayotumia mpaka leo). Ni utaratibu wa kichungaji wa majimbo na parokia zetu. Lakini haukutoka hewani. Kanuni ya 868 inasema ili mtoto mchanga abatizwe kihalali wazazi au mmoja wao akubali, na liwepo tumaini la msingi kwamba atalelewa katika imani katoliki. Tumaini hilo likikosekana kabisa ubatizo unaahirishwa, na wazazi waelezwe kwa nini. Sasa padre ana vigango, ana shule, ana wagonjwa, hilo tumaini atalipima kwa macho? Anamuuliza anayekaa jirani na wewe. Hiyo barua ndo hilo swali limewekwa kwenye karatasi, hakuna zaidi.

Mtoto akiwa katika hatari ya kufa hakuna barua. Anabatizwa hapo hapo, hata na nesi, hata na bibi, hata na asiye mkristo, mradi ana nia ya kufanya anachofanya Kanisa na anamwagia maji akitaja Utatu.

Kuhusu pesa, kanuni ya 848 iko wazi, maskini asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Kwa hiyo popote ukiambiwa lipa mchango wa ujenzi kwanza ndo mtoto abatizwe, hapo umeonewa, nenda kwa paroko mwenyewe ukamwambie. Zaka ni wajibu, imo katika amri za Kanisa, tumeikariri wote mafundisho ya komunio. Ila wajibu ni kitu kimoja na bei ya sakramenti ni kitu kingine.

#6

Sisi Walutheri wa KKKT nasi tuna jumuiya katikati ya wiki na kadi ya ahadi ipo na mzee wa kanisa lazima akujue, kwa hiyo msijione mko peke yenu. Tofauti ni kwamba kwetu zinapigwa pambio mpaka majirani wanalalamika.

#7

Mimi ni mlinzi. Natoka lindo saa 12 asubuhi Jumamosi na naingia tena saa 12 jioni. Sijawahi kuwahi jumuiya, nikifika wanafunga sala ya mwisho, au nimefika nasinzia mpaka napiga kichwa ukutani. Mwaka juzi nikaacha kwa aibu. Mwenyekiti wetu akaja nyumbani, nikajua kaja kunisema, kumbe kaja kuuliza nalala saa ngapi. Sasa kila Jumatano ya pili ya mwezi sala inafanyika saa 10 jioni kwa ajili yetu, mimi na kaka mmoja wa boda na dada anayefanya kazi hotelini. Tuko watano sita. Wanaosema jumuiya ni roho mbaya mi siwezi kusema hivo, ila najua nina bahati ya mwenyekiti.

#8

Hapo umemaliza ndugu mlinzi, bahati ya mwenyekiti.

Mimi ni mama, nimekuwa mwenyekiti wa jumuiya Mwanza vipindi viwili na sitaki cha tatu. Nataka na nyie mjue upande wa pili. Mnafikiri tunapenda kudai? Parokia inakaa kikao, inapanga kiwango, wanagawa kwa kanda, kanda wanagawa kwa jumuiya, mimi naondoka kwenye kikao na namba kwenye karatasi na wanajumuiya wangu ni muuza dagaa, fundi baiskeli, mwalimu mstaafu anayesubiri kiinua mgongo na wajane wanne. Nikifikisha namba naitwa mkali. Nisipofikisha jumuiya yetu inasomwa ya mwisho kanisani. Kuna mwaka nilijazia kwa hela ya ada ya mwanangu na mume wangu hajui mpaka leo, na humu hayupo hana simu ya maana.

Lakini kilichokuwa kinaua jumuiya yangu hakikuwa mchango, kilikuwa chai! Sala inazunguka nyumba kwa nyumba si ndio. Mmoja akaanza kutoa chai na maandazi. Wa pili akaongeza mayai. Kufika kwa yule mwenye duka la vifaa tukakuta supu na soda. Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya mama mmoja anaishi chumba kimoja na watoto wanne, asubuhi tukakuta kofuli. Tukasali kwa jirani tukiwa tunajua kabisa yuko wapi. Hakurudi miezi mitano.

Nikapiga marufuku. Hakuna chai, hakuna maji, hakuna hata karanga, ukimaliza sala kila mtu akanywe kwake. Walinichukia hasa wanaume. Alafu nikaenda kwa yule mama nikamwambia Jumamosi tunakuja kwako, na hatukai ndani, tunakaa koridoni na kwenye ngazi na anayekosa asimame. Tulisali kwenye ngazi. Wapangaji wenzake wawili wasio wakatoliki wakatoka na ndoo wakazigeuza wakakalia. Sasa hivi yule mama ndo mhasibu wetu, na hasomi majina, anakuonyesha daftari wewe mwenyewe mstari wako tu. Baba wa #4, hilo la kusoma majina linaweza kukomeshwa na mwenyekiti mmoja kwa siku moja. Ulishawahi kulisema kwenye kikao au ulinuna ukaondoka?

#9 (yule wa #4)

Nilinuna nikaondoka mama.

#10

Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo. Nitoe historia kidogo maana naona watu wanaongea kama jumuiya ilianza na WhatsApp.

Mimi nilizaliwa kabla ya Uhuru. Tulivyokua Kanisa lilikuwa misioni, padre mzungu anakuja kigangoni na pikipiki baada ya wiki kadhaa, katikati ni katekista. Jumuiya hatukuzijua. Mwaka 1973 maaskofu wetu wa Afrika Mashariki, wale wa AMECEA, walikutana Nairobi wakasema maisha ya Kanisa yajengwe kwenye vikundi vidogo vya watu wanaoishi pamoja na kufahamiana, na mwaka 1976 wakarudia wakakipa kipaumbele. Huku kwetu tulielewa haraka kuliko wengine sababu tulishazoea nyumba kumi kumi za chama cha TANU na balozi wake, na ilikuwa enzi za vijiji vya ujamaa. Watu walisema hii ni nyumba kumi ya kanisa. Na kweli, wengine walikuwa balozi huku na mwenyekiti wa jumuiya huku, mgogoro wa mbuzi unaamuliwa na mtu yule yule Ijumaa na Jumamosi. Ilipokuja Sinodi ya Afrika Roma mwaka 1994, wale maaskofu waliposema Kanisa ni Familia ya Mungu, sisi huku tulishazoea kuliishi hivyo.

Ubaya wake pia ulikuwepo tangu mwanzo. Balozi wa nyumba kumi alikuwa anajua nani kalala kwako. Mwenyekiti naye akataka kujua. Kuna watu walikimbia jumuiya sio sababu ya pesa, sababu ya umbea.

#11

Nawasalimu kutoka Nairobi. Sisi hapa tunaandika jumuia bila hiyo y yenu lakini mambo ni yale yale, hata barua tunaandika kwa Father. Wakati wa Kwaresima tunapata kijitabu cha kampeni ya maaskofu, kila wiki mada moja, mara ufisadi mara vijana na kazi, hapo ndio wanaume huonekana maana kuna kubishana. Zikiisha zile wiki wanapotea tena hadi mtu aage dunia.

#12

Turudi kwenye mazishi maana mleta uzi kagusa na watu wamekwepa. Baba yangu mdogo alifariki mkoani, mtu wa Misa kila Jumapili akiwa na afya, alafu kiharusi kikamlaza miaka mitatu, hakuonekana jumuiya wala zaka haikulipwa maana hela yote ilikuwa dawa. Siku ya msiba viongozi wakasema hayumo kwenye daftari. Padre hakuja. Alizikwa na mjomba anasoma sala kwenye simu, chaji asilimia saba. Shangazi tangu siku hiyo anasali kwa walokole. Katekista wa #5 nijibu na hili, kwa upole wako huo huo.

#13 (katekista)

Pole sana ndugu yangu. Nakujibu.

Wanaonyimwa mazishi ya kikanisa wametajwa kwenye kanuni ya 1184. Ni waliokana imani hadharani, wazushi na wafarakano wa wazi, waliochagua mwili wao uchomwe kwa sababu zinazopingana na imani, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kikanisa kungewakwaza waamini. Na hao wote, kama walionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, wanazikwa. Kukiwa na wasiwasi anaulizwa askofu, mwenyekiti hana mamlaka ya kuamua, wala mimi. Humo hamna mgonjwa wa kiharusi. Hamna mwenye deni la zaka.

Nitaongeza kitu kama mtu, sio kama katekista. Miaka mitatu mgonjwa yuko kitandani na jumuiya ipo mtaani hapo hapo. Nani alitakiwa kwenda kwa nani? Kumpelekea Komunio mgonjwa ni kazi yetu. Daftari likisema hayumo, daftari hilo linatusema sisi. Mimi mwenyewe nina nyumba mbili nimezikumbuka sasa hivi wakati naandika hapa, kesho nikitoka shamba napita.

#14

Sio mkristo ila nimesoma mpaka hapa. Kwetu maiti hachelewi, jeneza lipo msikitini, atakayekuwepo atabeba. Lakini hata sisi mtu asiyeonekana safu ya swala siku ya msiba wake safu inakuwa fupi, tusidanganyane. Poleni kwa baba mdogo.

#15

Swali la pembeni, wanaume mnaanzaje anzaje? Nataka mume wangu aende na kila Jumamosi anaamka anaosha gari ambalo ni safi.

#16 (mama wa Mwanza)

Mpe kazi mama, usimpe mahubiri. Mwambie asome somo la kwanza, tena mtumie Alhamisi aandae. Wa kwangu nilimuomba abebe benchi tu, sasa hivi ni kiongozi wa liturujia na hakubali kusahihishwa.

#17 – Mleta uzi

Nimesoma yote, hasa ya baba mdogo, sina la kusema pale.

Katekista umenipunguzia kitu. Barua ni swali linaloulizwa kwa jirani, sawa. Sasa nikijiuliza mwenyewe, siku ile mama wa genge angejibu nini? Anajua nyanya zangu. Mi nilikuwa sijui hata jina la mke wa mzee wa geti la tatu, nimelijua kwenye sala ya marehemu. Bado nasema ikitumika kama fimbo ni vibaya, na ya kusoma majina nitaileta kwenye kikao chetu kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya somo wetu Kizito, maana ndo michango ya sare inaanza na nishaona dalili.

Alafu naomba ushauri wa haraka. Jumamosi hii ni kwangu kwa mara ya kwanza. Wife anataka kuagiza maandazi mia na chapati, baada ya kusoma #8 nimemwonyesha simu akanuna. Na viti nina kumi na viwili tu, mzee wa geti la tatu kasema atakuja, goti linamsumbua, ngazi hawezi.

#18 (mama wa Mwanza)

Maandazi wapeni watoto Jumapili. Viti kumi na viwili vinatosha sana, vijana wakae chini kwenye mkeka. Mzee mwekeeni kiti cha mikono karibu na mlango, na umtangulie getini kwake ukamchukue, asije peke yake.

#19 – Mleta uzi

Sawa mama. Nitamfuata saa 12 na robo.